Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa michezo wa Big Ten: anzeni na kalenda, jina la mpinzani lije mwisho

Kwa Wakurugenzi wa Michezo wa vyuo vikuu 18 vya ligi ya Big Ten,

Waheshimiwa,

Ratiba ya futiboli ya Marekani katika FBS, daraja la juu la vyuo, ina mechi 12. Kwenu ninyi, 9 kati ya hizo hupangwa na ligi. Zinabaki 3, na hizo ndizo pekee ambazo mkurugenzi anaweza kusema "hii nimeichagua mimi". Tunawaandikia kuhusu hizo 3. Tunaandika kwa Kiswahili kwa sababu wazungumzaji wa Kiswahili wa Iowa City, Des Moines, Minneapolis na Columbus, wakiwemo wazazi wa wanafunzi wenu, hununua tiketi na kulipa karo kama wengine, ila mjadala huu haujawahi kuwafikia kwa lugha wanayobishania mpira.

Kosa tunaloliona hujirudia hivi. Mkurugenzi anapata jina kubwa la kutangaza, au jina dogo la bei nafuu, anasaini, halafu ndipo anaanza kutafuta Jumamosi ya kulipachika. Tunaomba mgeuze utaratibu huo: anzeni na mwaka, kisha wiki, kisha masharti, na jina lije mwisho.

Tunajua vikao vyenu vinabishania kitu kingine, yaani kama inalipa kucheza na wakubwa tangu mchujo wa taifa ulipopanuliwa kutoka timu 4 hadi 12 mwaka 2024. Msimu wa 2025 uliwapa hoja tele wanaotaka kuwakwepa. Texas ilifungua msimu Columbus, nyumbani kwa Ohio State, ikafungwa 14–7, ikamaliza 9–3 (ushindi 9, vipigo 3) na kuachwa nje. Notre Dame ilianza kwa kufungwa na Miami 27–24 na Texas A&M 41–40, ikashinda zote 10 zilizofuata, nayo ikaachwa. Na haya yalitokea baada ya kamati inayoteua timu za mchujo kutangaza, Agosti 2025, kipimo kipya kilichokusudiwa kupunguza adhabu ya kufungwa na timu kali. Mwenzenu Indiana, kwa upande wake, alicheza na Old Dominion, Kennesaw State na Indiana State, zote nyumbani, akamaliza msimu bila kupoteza mechi hata moja na kutwaa ubingwa wa taifa. Anayeishia hapo atasema: tafuteni wepesi, mlale usingizi.

Tusiishie hapo. Mechi ileile iliyoitoa Notre Dame ndiyo iliyoiingiza Miami. Timu zote mbili zilimaliza 10–2, na zilipowekwa pamoja mezani likabaki swali la nani alimfunga nani. Miami ikafika hadi fainali, ikazuiwa na Indiana kwa 27–21. Upanga huu unakata kuwili. Na hao "wepesi" wa Indiana, je? Old Dominion ilifungwa Bloomington, kwao Indiana, 27–14 tu, na wiki mbili baadaye ikaenda kwa Virginia Tech na kushinda 45–26. Kennesaw State, iliyoambulia ushindi wa mechi 2 mwaka 2024, ndiyo iliyotwaa ubingwa wa ligi ya Conference USA mwaka 2025. Hakuna mtu aliyeyajua hayo siku ya kusaini. Nguvu ya mpinzani miaka mitano ijayo haiuzwi popote. Mnachoweza kununua ni mwaka, wiki, mahali na masharti, kwa hiyo nguvu za ofisi zenu ziende huko.

Tuanze na mwaka, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Tisa haigawanyiki kwa mbili. Mwaka mmoja ligi inawapa mechi 4 nyumbani na 5 ugenini, mwaka unaofuata 5 nyumbani na 4 ugenini. Bajeti za wengi wenu zimejengwa juu ya mechi 7 za nyumbani, na kwa viwanja vyenu kila moja ina thamani ya mamilioni ya dola ukijumlisha tiketi, maegesho na vyakula. Hesabu inajipanga yenyewe. Mwaka wa mechi 4 za ligi nyumbani (tuuite mwaka wa 4), mechi zote 3 za nje ya ligi lazima ziwe nyumbani. Mwaka wa mechi 5 (mwaka wa 5), moja inaweza kuwa ugenini. Basi mkataba wa nyumbani na ugenini na timu kubwa una mahali pamoja tu pa kukaa: safari yenu iangukie mwaka wa 5, ujio wao uangukie mwaka wa 4. Ukikosea kwa mwaka mmoja tu, unapata msimu wenye mechi 6 nyumbani na mwingine wenye 8. Ile ya nane haifidii ya saba iliyokosekana, kwa sababu tiketi za msimu huuzwa mwaka kwa mwaka, na wenye hoteli na migahawa ya mjini hawawezi kuhamisha Jumamosi ya mwaka huu kwenda mwakani.

Iowa inaonyesha jinsi inavyopaswa kukaa. Mahasimu wake Iowa State huwatembelea miaka ya shufwa, na yenyewe huenda kwao Ames miaka ya witiri. Mwaka 2024 ligi iliipa Iowa mechi 4 nyumbani: Washington, Northwestern, Wisconsin na Nebraska. Ikaongeza Illinois State, Iowa State na Troy, zote Kinnick, uwanja wake, jumla 7. Mwaka 2025 ligi iliipa 5: Indiana, Penn State, Minnesota, Oregon na Michigan State. Ikaongeza Albany na UMass, ikaenda Ames, jumla 7 tena. Lakini tazama gharama yake. Nafasi ya kusafiri imekwisha kuchukuliwa na Ames. Chuo chenye hasimu wa kudumu nje ya ligi hakina pa kuweka mkataba wa pili wa nyumbani na ugenini bila kushuka hadi mechi 6 msimu mmoja. Anayewashauri muongeze jina la pili kubwa "kwa ajili ya kamati" awaonyeshe kwanza ni mwaka gani atakaokubali kupoteza mechi ya nyumbani, na nani atalipa pengo hilo. Kwa sasa pengo linauma zaidi kuliko zamani, kwani tangu Julai 2025 vyuo vilivyoingia katika mgawo mpya wa mapato vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza.

Hali ni hiyohiyo kwa mikataba ya mbili kwa moja, ambapo timu ya ligi ya kati kama MAC au Mountain West inakuja kwenu mara mbili nanyi mnakwenda kwao mara moja. Ni mikataba mizuri, hasa kama mji wao una wahitimu wenu wengi. Ile mara moja ya kwenda ikae mwaka wa 5. Ligi ilitangaza wapinzani wa 2024 hadi 2028 mnamo Oktoba 2023, nyumbani na ugenini vikiwa vimetajwa. Kwa miaka hiyo hakuna udhuru. Kwa miaka ya mbele yake, mkataba uwe na kifungu kinachoruhusu kubadilishana miaka bila fidia, kwa taarifa ya maandishi ndani ya siku 60 baada ya ligi kutoa orodha.

Jambo jingine la mwaka husahaulika hata na watu wazima wa kazi hii: idadi ya Jumamosi. Msimu wa 2024 na wa 2025 ulikuwa na Jumamosi 14 kuanzia wikiendi ya Siku ya Wafanyakazi ya Marekani hadi ile ya baada ya Thanksgiving (sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba), kwa hiyo wiki 2 za mapumziko. Mwaka 2026, kutoka Septemba 5 hadi Novemba 28, ni Jumamosi 13, mapumziko wiki moja. Ratiba iliyopumua vizuri 2025 itabana 2026 hata majina yakibaki yaleyale. Tangu Oregon, Washington, USC na UCLA za Pwani ya Magharibi walipoingia, wengi wenu mna safari ya saa kadhaa angani ndani ya ligi yenyewe. Katika mwaka wa Jumamosi 13, msiweke safari ya mbali ya nje ya ligi ndani ya wiki tatu za safari ya Pwani ya Magharibi.

Sasa wiki. Septemba 10, 2022 ifundishwe kwa kila mtu anayepanga ratiba. Siku hiyo moja, timu tatu za ligi moja, Sun Belt, zilishinda viwanja vya watu waliokuwa wamewalipa waje. Marshall iliifunga Notre Dame 26–21. Appalachian State iliifunga Texas A&M 17–14. Georgia Southern iliifunga Nebraska 45–42, na kesho yake Nebraska ikamfukuza kocha Scott Frost kwa fidia ya dola milioni 15, ambayo ingeshuka kwa nusu kama wangesubiri hadi Oktoba 1. (Wiki tatu tu, jamani.) Notre Dame ilikuwa imetoka Columbus wiki iliyotangulia, ikafungwa na Ohio State 21–10. Mwaka 2024 ilirudia njia ileile: ikashinda ugenini kwa Texas A&M 23–13, na Jumamosi iliyofuata ikafungwa nyumbani 16–14 na Northern Illinois, timu iliyolipwa dola milioni 1.4 kwa safari hiyo.

Sababu si uvivu. Kambi yote ya Agosti hutumika kujiandaa kwa lile jina kubwa, video za mpinzani wa pili huguswa Jumapili usiku, wachezaji wa safu za mbele wamechoka na wengine wana majeraha madogo ambayo mwezi Novemba yangepewa wiki nzima. Mgeni naye, kwa upande wake, amekuwa akiitazama mechi hii tangu Januari. Kwa hiyo wiki inayofuata mechi kubwa iwe ya mapumziko au ya timu ya wastani ya FCS, daraja lililo chini ya FBS. Kamwe isiwe timu ya ligi ya kati iliyoshinda mechi 8 au zaidi msimu uliopita.

Mpangilio tunaoupendekeza kwa mwaka wa kawaida ni huu: wiki ya kwanza timu ya ligi ya kati yenye mfumo wa kawaida wa kushambulia, wiki ya pili mpinzani mkubwa, wiki ya tatu FCS. Kumfungulia msimu mpinzani mkubwa kunapendwa na televisheni, lakini siku hizi nusu ya kikosi huwa kimehama kutoka vyuo vingine na hakuna video yao wakiwa na jezi mpya. Timu zote mbili zinakisia, na anayekisia vibaya haponi hadi Desemba, kama Texas.

Timu zinazokimbia na mpira kwa mfumo wa opsheni (mwenye mpira huamua papo hapo aukimbize mwenyewe au ampe mwenzake), yaani Army, Navy na Air Force, ni suala la peke yake. Mlinzi aliyezoea kumfuata mtu hulazimika kufundishwa upya alinde eneo na jukumu lake tu, na siku 3 za mazoezi makali za wiki ya kawaida hazitoshi. Pia wanaula muda. Septemba 2018 Army ilikaa na mpira zaidi ya dakika 44 kati ya 60 uwanjani kwa Oklahoma na kuipeleka muda wa ziada kabla ya kufungwa 28–21. Mwaka uliofuata Michigan iliponea kwa Army hiyohiyo katika muda wa ziada wa pili, 24–21, nyumbani, katika wiki ya pili. Mkiwataka, wapeni wiki ya kwanza ili kambi ya Agosti iwatumikie, au waje baada ya mapumziko. Kuwaweka katikati ya mechi mbili za kawaida ni kujitafutia balaa, na ushindi wenyewe kamati haiuthamini kiasi hicho.

Kuhusu FCS tutakuwa wafupi, isipokuwa kwa mtego mmoja. Mwaka 2015 ligi yenu ilitaka mechi hizi zikome, baadaye ikalegeza, na tunaona ilifanya vema: fedha hizo huendesha idara nzima za vyuo vidogo vya jirani, na mgeni anayekuja kwa basi hugharimu kidogo kuliko anayekuja kwa ndege ya kukodi. Ila ushindi mmoja tu dhidi ya FCS kwa mwaka huhesabiwa katika zile 6 za kufuzu bowl, yaani mechi za baada ya msimu, na ni pale tu timu hiyo inapotoa ufadhili wa masomo kwa kiwango cha NCAA, chama cha michezo ya vyuo. Pioneer League, ligi ya FCS, haitoi ufadhili wa michezo kabisa katika futiboli. Drake ya Des Moines na St. Thomas ya St. Paul zimo humo, na zote ziko mlangoni pa vyuo vyenu. Ukaribu usiwapumbaze: mtalipa, mtashinda, na mwezi Novemba mtagundua kuwa mna ushindi 5. Upande mwingine wa FCS kuna wanaotoa ufadhili kamili na kuishi kwa mechi kama hizi. North Dakota State iliifunga Iowa 23–21 mwaka 2016. South Dakota State ilifungwa Kinnick 7–3 mwaka 2022 bila Iowa kupata mguso hata mmoja. Pointi zile 7 zilikuwa teke moja la pointi 3 na mara mbili za kumkamata mgeni kwenye eneo lake. Michigan bado inakumbushwa Appalachian State ya 2007, 34–32, kwa malipo ya dola 400,000. Kabla ya kusaini, hesabuni walioanza msimu uliopita katika safu mbili za mbele, za mashambulizi na ulinzi, ambao bado wamo kikosini. Wakizidi 6 kati ya 9, tafuteni mwingine.

Mechi za malipo, yaani zile ambazo mgeni hulipwa aje, zisisainiwe zaidi ya miaka 3 mbele. Timu ya ligi ya kati ikishinda mechi 10, kocha huondoka Desemba na wachezaji bora humfuata Januari; ikishindwa mechi 10, huajiri mwingine na mambo hugeuka, kama Kennesaw. Mkataba wa miaka 8 mbele ni mkataba na timu ambayo haijazaliwa.

Kwa wakubwa, ambao bila kusaini mapema hamuwapati, kinga ni vifungu. Nebraska na Tennessee walikuwa wakutane 2016 na 2017, wakasogeza mbele miaka kumi, na Februari 2025 Nebraska ikajitoa kwa dola 500,000 kwa kila mechi, ikaweka Bowling Green na Miami ya Ohio, zote nyumbani. Fidia ya dola milioni moja kwa mechi mbili ilikuwa rahisi kuliko kupoteza Jumamosi moja ya Lincoln, nyumbani kwa Nebraska. Hilo si kosa la anayejitoa pekee. Aliyeandika fidia hiyo alisahau kwamba bei ya mechi ya nyumbani ingepanda. Fidia iandikwe kwa ngazi: ndogo ikiwa imebaki miezi zaidi ya 36, mara mbili yake kati ya 36 na 18, na chini ya 18 aliyejitoa alipe fidia pamoja na tofauti ya gharama ya kumpata mbadala wa daraja lilelile.

Kifungu cha pili: ligi ya upande wowote ikibadili idadi ya mechi zake za ndani, mwaka uweze kuhamishwa mara moja bila malipo, lakini mechi isifutwe. Ligi kubwa ya SEC inaingia kwenye mechi 9 za ndani mwaka 2026, na ile ya ACC nayo imeamua kwenda huko. Mikataba isiyo na kifungu hiki inavunjika sasa hivi kwa visingizio.

Cha tatu ni radi. Sheria ya kusubiri dakika 30 tangu radi ya mwisho ya karibu inajulikana na wote, ila mikataba mingi haisemi nani analipa mechi ikifutwa baada ya mpira kuanza. Nebraska na Akron walifika hapo Septemba 1, 2018: mpira ulianza, radi haikukoma, mechi ikafutwa, na mabishano ya fedha yakafuata. Akron haikurudi Lincoln hadi Septemba 2025. Andikeni wazi: Jumapili itatumika au la, saa ya mwisho ya kuanza upya ni ipi, na mgeni aliyefika apate asilimia ngapi ya malipo.

Vilevile tajeni waamuzi watoke ligi gani, mgeni apewe tiketi ngapi na arudishe lini zisizouzwa, na kwamba mechi haihamishiwi Ijumaa bila ridhaa ya pande zote mbili. Ijumaa usiku ni ya shule za sekondari, na uhusiano wenu na makocha wa huko ndio unaowaletea wachezaji.

Viwanja huru, visivyo vya timu yoyote kati ya mbili zinazocheza, iwe Arlington, Atlanta au Dublin, tunaona viachwe isipokuwa malipo yake yazidi mapato yote ya mechi ya nyumbani, na iwe mwaka wa 5. Wanafunzi hawafiki, bendi haifiki, na duka la kona ya uwanja halipati kitu.

Tunawaomba mambo matatu yanayoweza kufanyika kabla ya msimu ujao. Kwanza, kila chuo kiweke kwenye tovuti yake jedwali la miaka 5 likionyesha mechi za ligi za nyumbani kwa kila mwaka, Jumamosi zilizopo, na nafasi 3 za nje ya ligi zimejazwa na nani. Pili, mikataba ichapishwe ndani ya siku 30 baada ya saini, vifungu vya fidia vikiwemo. Vyuo vyenu karibu vyote ni vya umma, na Northwestern na USC vinaweza kufanya hivyo kwa hiari. Tatu, hakuna mkataba wa nyumbani na ugenini usainiwe kabla kocha wa mazoezi ya viungo, mkuu wa tiketi na mratibu wa safari hawajaweka sahihi zao kwenye wiki iliyopendekezwa. Kocha mkuu aulizwe pia, ingawa kwa mikataba ya 2030 huenda atakayeicheza bado ni msaidizi mahali pengine.

Wenu,
Wafuatiliaji wa futiboli ya vyuo wanaozungumza Kiswahili, Iowa, Minnesota, Nebraska na Ohio